Bunju wa Kliniki ya Meno

Nilimfahamu Mama Ndoo kwa sababu ya gego. Lilikuwa la chini, upande wa kushoto, limeoza mpaka kwenye shina, na lilinipeleka kliniki ya meno mara tano ndani ya miaka miwili. Mara nne nilitoroka kabla sijaitwa. Mama Ndoo ndiye aliyekuwa akifanya usafi pale, na kila nilipotoroka alinisindikiza hadi mlangoni.

"Nenda salama, baba," alikuwa akisema, huku amelishikilia fagio kama askari aliyeshika bunduki. "Na hilo jino mwende nalo vizuri, msigombane njiani."

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye mikono ya mtu aliyefua maisha yake yote. Na kweli alifua. Miaka tisa alikuwa dobi wa hoteli, mpaka siku alipomwambia mgeni mmoja, mbele ya meneja, kwamba shuka za chumba chake zinasimulia mambo ambayo mkewe hajayasikia. Ulimi hauna mfupa, lakini una uwezo wa kumfukuzisha mtu kazi. Kliniki ilimpokea kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kufuta damu na mate kila siku. Ndoo zake zilikuwa mbili, ya bluu kwa vyumba na nyekundu kwa vyoo, na aliyethubutu kuzichanganya alisikia habari za ukoo wake kuanzia kwa babu. Jina likaja lenyewe.

Mumewe alikuwa fundi wa viti vya magari, mtu mkimya. Alijifunza kunyamaza mapema katika ndoa, na ndoa ikadumu.

Daktari mwenyewe alikuwa mrefu, mashavu yamejaa, kola imepigwa wanga, na alijiita "sisi" hata akiwa peke yake chumbani. "Sisi hatupendi wagonjwa wanaokula peremende." "Sisi tunatoka kidogo, tunarudi." Shida yake kubwa ilikuwa ukuta. Kati ya chumba cha matibabu na chumba cha kusubiria palikuwa na ubao mwembamba tu, na kekee ya kutobolea meno ilipoanza kulia, sisi tuliokaa kwenye benchi tulisikia kila kitu, pamoja na anayetobolewa alivyokuwa akimwita mama yake. Watu walitoroka kila siku. Mtu mwingine angejenga ukuta. Daktari alinunua samaki.

Alikuwa amesoma mahali kwamba ukitazama samaki moyo unatulia. Basi akaenda kwenye duka la samaki wa mapambo na kuchagua kwa kidole, kama mtu anayechagua kitambaa cha pazia.

"Tupe wale wenye mstari wa bluu. Na yule wa dhahabu. Na huyu mwenye mapezi kama gauni la bibi harusi, tupe wawili."

Muuza samaki alikuwa mwembamba, miwani ameifunga kwa uzi shingoni, na alikuwa mfanyabiashara wa ajabu: hakupenda kuuza. Alimwambia kwamba wale wenye mapezi marefu wanaitwa beta, na madume wawili hawakai pamoja.

"Tangi letu ni kubwa," Daktari alijibu.

Beta hawakuuliza ukubwa wa tangi. Saa nne asubuhi ya siku ya kwanza walikuwa wameshikana, mwekundu na wa samawati, mbele ya wagonjwa saba. Kwa mara ya kwanza tangu kliniki ifunguliwe, watu walisahau meno yao. Mzee mmoja mwenye ghala la mbao, shavu limevimba kama andazi, alisimama juu ya benchi akimshangilia mwekundu. Kufikia mchana, yule wa samawati alikuwa amechanika kama tambara na roho imemtoka. Wale wenye mstari wa bluu unaowaka, ambao huitwa neon, walikuwa kumi na wawili asubuhi. Jioni walikuwa tisa, na samaki wa dhahabu alikuwa ameongezeka kiuno.

Ijumaa maji yalikuwa yamechafuka, na Mama Ndoo akafanya alilolijua. Aliwahamishia samaki kwenye ndoo ya bluu, akasugua kioo, mawe na chujio kwa sabuni ya unga, akasuuza mara mbili, akajaza maji ya bombani na kuwarudisha. Tangi liling'aa. Aliondoka akiwa ameridhika kabisa.

Jumatatu alipofungua mlango, walikuwa wanaelea wote kumi na mmoja.

Mambo mengi aliwahi kunisimulia akicheka, lakini hili alilisema kwa sauti ya chini. Aliwatoa mmoja mmoja kwa kijiko, akawafunga kwenye pamba ya kliniki, akakaa kwenye stoo ya mafagio mpaka pua ikakauka.

"Umetuulia samaki!" Daktari alifoka alipofika.

"Niliwaosha tu, Daktari."

"Basi tafuta jinsi ya kuwaosha wakabaki hai, au utafute kazi nyingine."

Jioni ile Mama Ndoo alikwenda kwenye duka la samaki, bado amevaa sare. Alimweleza muuza samaki kila kitu. Yule bwana aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Uliwaosha kwa sabuni?"

"Ya unga. Ile nzuri."

"Kwani walikuwa wanakwenda harusini?"

"Nimekuja kuuliza, kaka, sikuja kutukanwa."

"Vyote vipo. Kaa hapo. Kwanza utatukanwa, halafu utajibiwa."

Alikaa. Aliniambia kwamba hapo ndipo alipomheshimu, kwa sababu katika maisha yake yote alikuwa hajakutana na mtu anayemshinda kwa mdomo. Akarudi Alhamisi, na Alhamisi iliyofuata, miezi mitatu mfululizo. Alijifunza kwamba maji ya bombani yana dawa, na lazima yalale kwenye ndoo wazi siku nzima kabla samaki hawajayaonja. Alijifunza kwamba maji hayabadilishwi yote. Unatoa robo, unaongeza robo. Lakini lililomuuma ni habari ya chujio. Ule utelezi wa kahawia aliousugua kwa bidii ndio uliokuwa unakula sumu ya kinyesi cha samaki. Ukiung'oa, umewaua.

"Miaka yote napigana na uchafu," alisema, "leo naambiwa uchafu ndio nguzo ya nyumba! Mama mkwe wangu akisikia hivi, nitakimbilia wapi?"

Baada ya hapo wakaanza kuchagua samaki. Muuza samaki alimpitisha kwenye matangi kama mshenga anayempitisha mtu kwenye nyumba zenye mabinti. Gapi ndio wa mtu anayeanza, mkia kama kipepeo, hana makuu. "Ila huyu ukimtazama vibaya anazaa," alimwonya. Moli ni mweusi kama mkaa, mpole, anakula hata ukungu wa kwenye kioo. Neon usinunue wawili au watatu, watakufa kwa woga. Wanunue kumi, watembee kama wanafunzi wa shule. Beta dume akae peke yake, atanuna lakini ataishi. Samaki wa dhahabu ni mzuri, ila ni mlafi, anachafua maji, na anataka nafasi yake na maji ya baridi.

"Na huyu mwembamba mwenye mapezi marefu?"

"Huyo anaitwa samaki malaika."

"Jamani, kazuri."

"Akikua anakula neon."

"Sasa huo umalaika wake uko wapi?"

Alirudi kliniki na neon kumi, gapi sita na moli wanne. Miezi ikapita, hakufa hata mmoja. Kinyume chake, gapi walizaa mpaka watu wa ofisi za jirani wakaanza kukimbia wakimwona anakuja na mfuko wa plastiki. Mimi nilikaa mbele ya tangi lile mara mbili. Ni kweli moyo ulitulia. Kekee ilipolia nikaondoka na moyo wangu uliotulia.

Daktari sasa alikuwa na tangi zuri, na mchagua nazi hupata koroma. Siku moja akasema samaki wale wana kasoro: hawana meno. Kliniki ya meno inahitaji samaki mwenye meno. Akaenda mwenyewe dukani, akarudi na bunju, yule samaki anayefura tumbo akikasirika.

Alikuwa bunju mdogo, ukubwa wa yai, mgongo wa kijani wenye madoadoa meusi, tumbo jeupe, na macho yanayozunguka kila moja kwa hiari yake. Meno alikuwa nayo kweli: manne, yameungana kama mdomo wa kasuku. Siku ya kwanza aliwakata moli mikia, wote wanne. Akahamishiwa tangi lake mwenyewe juu ya meza ya mapokezi, maji yakatiwa chumvi kidogo kama anavyopenda. Mama Ndoo alimtazama alivyo na mashavu, alivyotembeza macho, na alivyofura mtu akimkatalia jambo, akampa jina la Mganga Mkuu. Kliniki nzima ilielewa anafanana na nani, isipokuwa mtu mmoja.

Aliyempenda kuliko wote alikuwa karani wa mapokezi, msichana aliyeitwa Kucha kwa sababu ya kucha zake, ndefu hata simu alibonyeza kwa kalamu. Bunju alikifuata kidole chake kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, na Kucha akichelewa kumlisha alimtemea maji. Kucha alimmenyea kamba wabichi, akamkatia vipande laini kama anavyolishwa mtoto anayeota meno.

"Mwenye duka anasema apewe konokono wenye gamba," Mama Ndoo alimwambia.

"Konokono mezani kwangu? Thubutu!"

Daktari akamuunga mkono Kucha: konokono mbele ya wagonjwa, sisi hatutaki. Bunju akaendelea kula laini, na mashavu yakaendelea kunawiri.

Baada ya mwaka na zaidi akaacha kula. Alikisogelea chakula, akakigonga kwa mdomo, kikaanguka. Siku ya nne tumbo lilikuwa limebonyea. Siku ya nane Kucha hakupokea simu hata moja. Alikaa amekumbatia tangi. Mama Ndoo akatoka mbio kwenda dukani, akarudi asubuhi iliyofuata, Jumanne, akiwa na karatasi ya kalenda imeandikwa nyuma.

Asubuhi hiyo mimi nilikuwa kwenye benchi. Ilikuwa safari yangu ya tano, na zamu yangu ndiyo iliyokuwa inafuata. Daktari alipotoka kuniita, Mama Ndoo alisimama kati yetu.

"Daktari, kuna mgonjwa wa dharura."

"Nani?"

"Mganga Mkuu."

Daktari alishtuka. Akaweka sawa kola, akapiga vumbi begani. "Mganga Mkuu wa Serikali? Amekuja hapa? Mbona hatukuambiwa?"

"Yuko mapokezi, ndani ya maji. Siku tisa hajala. Meno yamekua yakaziba mdomo. Bunju meno yake yanakua daima, kama kucha za huyu binti. Bila konokono wa kutafuna hayapungui. Lazima yakatwe."

"Apelekwe kwa aliyemuuza."

"Aliyemuuza anasema yeye anauza samaki, hakati meno. Ameniuliza nafanya kazi wapi. Nilipomwambia, alicheka mpaka miwani ikaanguka."

"Mama," Daktari alisema, akijivuta juu, "sisi tumesoma miaka mingi kutibu binadamu."

"Na binadamu wenyewe wanakukimbia. Huyu hana pa kukimbilia."

Benchi zima liliangua kicheko. Daktari akafura mashavu, na kicheko kikazidi.

"Kuna watu wanasubiri!" alisema.

"Mimi nitasubiri, Daktari," nilisema haraka. "Hata wiki ijayo."

"Mimi pia," akasema mwenye ghala la mbao.

"Aanze mgonjwa mahututi!" akapaza sauti mama mmoja mwenye kitambaa kichwani hadi kidevuni. Sijawahi kuona umati ukikubaliana upesi vile.

Daktari alimsogelea Mama Ndoo. Sauti ilibadilika, nikaisikia kwa sababu nilikuwa karibu.

"Nikimuua je?"

"Mimi niliua kumi na mmoja kwa kuwaosha mara moja," alisema. "Wewe ukiua mmoja, bado nimekuacha mbali. Vaa glovu."

Daktari hakufunga mlango wa chumba cha matibabu, nasi tukajazana mlangoni. Dawa ya usingizi ilikuwa mafuta ya karafuu, na hiyo haikuwa shida. Kliniki ile ilinuka karafuu mpaka kwenye mapazia. Mama Ndoo alisoma kwenye karatasi yake: matone machache, yatikiswe kwenye chupa ya maji, yamiminwe kidogo kidogo. Bunju aliyumba kama mlevi anayetafuta mlango, akaegemea ubavu, akatulia. Mama Ndoo alimnyanyua kwa shashi iliyolowa maji, akamshika kama mtu anayeshika yai lililopasuka. Kucha alishika saa, machozi yanadondoka juu ya saa.

Daktari aliwasha taa, akavaa barakoa, akachukua koleo dogo la kukatia nyaya za meno. Akainama, na kwa mazoea ya miaka ishirini akasema, "Fungua mdomo. Ukisikia maumivu, inua mkono wa kushoto."

Kisha mwenye ghala la mbao akaachia kicheko kama tairi lililopasuka, na sisi sote nyuma yake. Hata Daktari alicheka, barakoa ikamteleza, na hapo ndipo nilipoona kwamba yeye mwenyewe ana pengo juu, upande wa kulia. Mganga hajigangi.

"Sekunde ishirini," Kucha alisema kwa kwikwi.

Ka! Kipande kikaruka, kikagonga taa. Ka! Kingine. Akageuza koleo, akakata la chini, akalisawazisha kwa tupa ndogo. Lazima niseme ukweli: alikuwa fundi.

Wakamrudisha kwenye tangi lake, lenye maji safi. Hakusogea.

Mama Ndoo aliingiza mkono, akamsukuma taratibu mbele ya mapovu ya pampu, mbele na nyuma, maji yapite kwenye matamvua ya kupumulia. Dakika tatu. Dakika sita. Hakuna aliyecheka tena. Daktari alipiga magoti sakafuni na suruali yake ya pasi, uso ukawa usawa wa kioo cha tangi, nikamsikia akisema, "Samahani, bwana." Alimwambia samaki. Sisi hakuwahi kutuomba samahani hata siku moja.

Dakika ya kumi na moja shavu moja lilitikisika. Pezi likapiga. Jicho likazunguka, likamtazama Daktari, jingine likamtazama Mama Ndoo, na yule mnyama akavuta maji, akafura kama mpira, miiba yote nje, akiwa amekasirika kupita kiasi. Tulipiga makofi kama waliofunga bao. Mwenye ghala la mbao alimkumbatia mama wa kitambaa, ambaye alipiga yowe kwa sababu ya jino.

Nilikuwa naelekea mlangoni nilipoguswa bega.

"Haya, baba," Mama Ndoo alisema. "Mwenzako ni mdogo kama yai na amemaliza. Wewe mwenye ndevu?"

Nilikaa kwenye kiti, na mkono wa Daktari, ambao bado ulikuwa na joto la ushindi, uling'oa gego langu kabla sijamaliza kusali. Nilipojazwa pamba mdomoni aliniuliza, akiosha mikono, "Hivi, kwa nini wanamwita Mganga Mkuu?" Nilitazama yale mashavu, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya pamba.

Kwa wiki nzima Daktari alisema "mimi". Kisha akapona. Lakini alijenga ukuta wa matofali, na konokono waliruhusiwa mezani kwa Kucha, kwenye bakuli lenye kifuniko. Bunju alipovunja gamba la kwanza, mlio wake ulisikika hadi kwenye benchi.

Mama Ndoo alianza kuitwa huku na huko. Mwenye ghala la mbao alitaka tangi ofisini. Alipewa beta mmoja, mmoja tu, na onyo. Ofisi ya wakili ikafuata, kisha shule ya chekechea, ambako watoto walimfundisha matusi mawili aliyokuwa hayajui. Ndani ya mwaka mmoja alikabidhi fagio. Ndoo aliondoka nazo. Mumewe alimtengenezea stendi za mbao, akalalamika kwamba nyumba imekuwa kisima, na baadaye akakutwa amevuta kiti mbele ya neon, mikono mapajani, akiwatazama kwa saa nzima. "Hawa," alisema, "wanaelewana bila kuongea." Mkewe alimjibu kwa maneno mengi.

Mganga Mkuu aliishi miaka mitano zaidi. Kucha, ambaye sasa ana watoto wawili na kucha fupi, alikuja kumzika.

Muuza samaki ndiye aliyepata mtihani. Macho yake yalianza kufifia, kwanza pembeni, kisha katikati, mpaka miwani ikabaki kuwa pambo la shingo. Hakuwa na mke wala mtoto. Mama Ndoo hakumuuliza kama anahitaji msaada, kwa sababu alijua atatukanwa. Alifika tu asubuhi moja, akaanza kubadilisha maji, robo kwa robo. Dukani sasa ndiye anayeuza, yaani ndiye anayekataa kuuza.

Alhamisi iliyopita nilipita kuwasalimu. Mzigo ulikuwa umefika, mifuko ya plastiki imejaa maji na samaki, na yule bwana amekaa kwenye kigoda katikati ya duka, kichwa ameinamisha. Mama Ndoo alikuwa akiinua mfuko mmoja mmoja kwenye mwanga.

"Huyu ni beta," alisema. "Mwekundu, lakini si ule wekundu wa kawaida. Mwekundu wa mtu aliyefumaniwa."

"Mapezi?"

"Marefu. Anayaburuta kama mwenyekiti wa kamati aliyesusa mkutano."

Muuza samaki alicheka, akanyoosha mikono. Mama Ndoo alimpa mfuko, naye akaupakata, akasikiliza maji yanavyogonga plastiki. Mlangoni alikuwa ameingia kijana na mchumba wake, wanatazama huku na huko.

"Tunatafuta samaki wa sebuleni," kijana alisema. "Wowote, mradi wapendeze."

Muuza samaki aliukumbatia mfuko mapajani mwake.

"Mama Ndoo," alisema, "huyu mwekundu usimpe mtu mpaka nimsikilize vizuri anavyoongea."